Sare ni ya Taifa. Mshahara ni wa Nani?

Tarehe ya mshahara inapokaribia, simu ya askari huanza kulia kabla fedha zenyewe hazijaonekana. Hali hii inafahamika kwa kila mke akaaye kambini nchini Uganda, awe wa jeshi au wa polisi. Baba mdogo hupiga kuuliza habari za karo. Dada aliyeachika huuliza habari za chumvi na sabuni, na huuliza kwa upole mno hata kumkatalia ni kama kumpiga. Mjomba ambaye amenyamaza miezi mitatu hupiga siku hiyo ili kusalimu tu. Watu hawa si waongo wala si wavivu, na asiwepo wa kuwasema vibaya. Lakini ifikapo tarehe 5 ya mwezi, mke husimama mbele ya duka la kambi akiomba kilo mbili za unga kwa mkopo, naye mwenye duka hulifungua daftari lake kwa uso usiocheka.

Achukuliwe mfano wa koplo mmoja, mzaliwa wa Kumi katika Teso, mwenye miaka 14 jeshini. Mkewe ni Mgisu, nao wamejaliwa watoto watatu. Makao yao ni kibanda cha chumba kimoja, cha aina ile ambayo askari wenyewe waliipa jina la "mama ingia pole", kwa kuwa mlango ni mfupi na aingiaye hana budi kuinama. Watoto hulala upande wa pili wa pazia. Mshahara ukiingia benki, karibu nusu yake husafiri kwenda Kumi kwa njia ya simu kabla siku mbili hazijapita. Mke hajui kilichokwenda ni kiasi gani. Anachokijua ni kilichobaki.

Koplo huyu si mlevi, wala hana nyumba ya pili mjini. Ni mtu wa adabu. Kikosini husifiwa kwa utii, na utii huo huo ndio umwangushao nyumbani, maana mkubwa wa ukoo akisema "leta", yeye huitika kama aliye kwenye gwaride.

Madai ya ukoo yana asili yake, na asiyeijua asili hiyo huwatukana wazee bure. Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kodi ya kichwa, ilitaka fedha taslimu, na njia za kuzipata hazikuwa nyingi: kulima pamba, kwenda kufanya kibarua mbali na kwao, au kujiandikisha katika Keya, kama wananchi walivyoliita jeshi la King's African Rifles. Kijana aliyevaa sare alilipa kodi yake, akalipa ya baba yake, na mara nyingi akalipa ya baba zake wadogo pia. Kikosi cha 4 cha Keya, kilichoandikishwa Uganda, kilifika hata Burma katika Vita Kuu ya Pili, na mshahara wa vita hivyo ulikuwa na wenyewe nyumbani kabla vita havijakwisha. Kodi ya kichwa haikuondoka pamoja na Mwingereza. Iliendelea kutozwa kwa majina mbalimbali hata ikafutwa mwaka 2005. Wapo wazee wapigao simu leo ambao wanakumbuka kulala porini kwa kuwaogopa watoza kodi, na wanakumbuka vilevile jina la kijana aliyetuma fedha ili waweze kurudi kulala kitandani.

Kwa watu wa Teso iko sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Katika nchi hiyo ng'ombe alikuwa ndiye mvuta plau, alikuwa mahari, alikuwa karo, na alikuwa dawa ya hospitali mtu akiugua. Katika miaka ya mwisho ya 1980 vita na uporaji wa mifugo viliyamaliza mazizi. Wazee waliolala wakiwa na mifugo iliyojaa zizi waliamka bila hata ndama, wakarudi kulima kwa jembe la mkono kama babu zao. Madai ya fidia ya mifugo ile yalikuwa bado yanajadiliwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Katika pengo hilo mshahara wa kijana mwenye sare uliingia ukachukua mahali pa ng'ombe. Baba mkubwa wa koplo alipoulizwa siku moja kama haoni kuwa ukoo unamlemea kijana, alijibu bila kukasirika, "Ng'ombe hamwulizi mchungaji maziwa yanakwenda wapi." Ni jibu kali, lakini mwenye kulitoa ni mtu aliyewahi kuwa na ng'ombe na akawapoteza wote.

Serikali imejaribu kupunguza mzigo. Mwaka 1997 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila malipo, na mwaka 2001 malipo katika hospitali za serikali yalifutwa isipokuwa katika wodi maalumu. Yalikuwa mambo mema. Hata hivyo kila mzazi anajua kwamba sare ya shule, chakula cha mchana na dawa isiyopatikana dirishani bado ni fedha, na kwamba mahali penye hitaji, simu italia.

Ni kosa kudhani kwamba mambo haya ni ya jikoni tu na hayana uhusiano na siasa. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba 1962, na bendera ya Mwingereza ikateremshwa pale Kololo, kila ukoo uliamini kwamba mtoto wao aliyemo serikalini amekuwa mwenye nyumba baada ya kuwa mpangaji. Askari nao waliamini vivyo hivyo. Januari 1964, siku chache baada ya askari wa Tanganyika kuasi tarehe 20, wale wa Jinja waliasi tarehe 23, wakamzuia waziri wao, Felix Onama, wakidai mishahara bora na maafisa Waafrika. Majeshi ya Uingereza yaliitwa kuzima maasi, lakini mishahara iliongezwa. Vitabu vya historia huyahesabu maasi yale kuwa jambo la siasa, nayo ni sawa. Ila huwasahau kina mama wa vijijini walioambiwa kwamba uhuru umekuja na ambao walikuwa wakingoja kuuona.

Somo lililofuata lilikuwa chungu. Idi Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Mwaka uliofuata Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini, na maduka waliyoyaacha yakagawiwa, wenye sare wakiwa mstari wa mbele katika mgawo. Hapo madai ya ukoo yalipata jibu ambalo hayajapata kulipata tena: duka zima, pamoja na rafu zake na mizani yake. Haukupita muda mrefu kabla ya sukari, chumvi na sabuni kuwa bidhaa za magendo. Amin aliondolewa Aprili 1979, na mwaka 1980 visasi viliwakimbiza wananchi wengi wa West Nile hadi Zaire na Sudan. Wengi wa wakimbizi hao hawakupata kuonja hata kijiko cha sukari kutoka katika maduka yale. Waliteswa kwa sababu kijana wa kwao aliwahi kuvaa sare. Familia za askari ziyakumbuke hayo kila zinaposikia jirani akisema kwamba mwenye kijana jeshini hawezi kulala njaa.

Malalamiko makubwa dhidi ya mkoloni yalikuwa kwamba alitoza bila kumshauri mtozwaji. Sasa na itazamwe nyumba ya koplo. Ukoo unaomba, koplo anatoa, na mke ambaye ndiye atakayepika upungufu wa mwezi mzima hakuulizwa. Hakuna aliyeandika kilichotolewa, kwa hiyo hakuna ajuaye kama deni limepungua au limekua. Nchi ina bunge la kujadili kila shilingi ya kodi, walau kwa mujibu wa sheria. Nyumba haina hata karatasi. Mtu aweza kuimba wimbo wa taifa kila asubuhi mbele ya bendera, akarudi nyumbani jioni na kuwatawala walio nyuma ya pazia kwa amri zitokazo Kumi.

Na ukweli usemwe wote: mke naye ana kwao. Hukaanga chapati na kuziuza kwenye lango la kambi, na sehemu ya faida huenda Mbale kwa mama yake, kimya kimya, kama vile ya mume iendavyo Kumi. Watu wawili waliolala chumba kimoja kwa miaka 11 walikuwa wakifichana mambo ambayo yote mawili yalikuwa mema.

Mambo yaliiva baada ya safari ya Somalia. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kupeleka askari wake huko chini ya Umoja wa Afrika, Machi 2007, na tangu wakati huo neno Mogadishu lina maana mbili. Kambini maana yake ni mchanga, jua na habari za vifo. Kijijini maana yake ni dola. Koplo alikwenda mwaka 2015. Posho ilichelewa miezi kadhaa, na Januari 2016 Umoja wa Ulaya ukapunguza kwa asilimia 20 fedha ulizokuwa ukizitoa kwa ajili ya askari hao. Habari za kupunguzwa huko hazikufika Kumi; zilizofika ni za dola. Ndugu yake wa tumbo moja alipewa kazi ya kumjengea nyumba ya matofali ya kuchoma. Koplo aliporejea alikuta kuta zimefika usawa wa madirisha, na ndugu yake anamiliki pikipiki. Aliuliza, akaambiwa bei ya saruji ilipanda. Mama yake akaongeza kwa nia njema kwamba hakuna tatizo, kwa kuwa nyumba ya ndugu yako ni yako. Mke aliyakumbuka maneno hayo kwa muda mrefu, kwa sababu hayakueleza kama ni ya watoto wake pia.

Ili amalizie paa, koplo alikopa kwa mkopeshaji binafsi wa mjini, akamwachia kadi ya benki kama rehani. Ni desturi mbaya iliyoenea sana miongoni mwa askari na walimu. Mkopeshaji huenda benki mwenyewe siku ya mshahara, akachukua chake, akamrudishia mwenye mshahara makombo. Wanajeshi walianzisha chama chao cha kuweka na kukopa, Wazalendo, mwaka 2005, ili mtu asifikie hatua hiyo, lakini wapo ambao huona haya kukopa mahali ambapo wenzao watajua. Haya hiyo ni ghali. Koplo aliilipia kwa miezi 19.

Kadhalika, kila akienda likizo huulizwa maswali yasiyo yake. Akiketi msibani, atasikia, "Serikali imekuja, ituambie barabara italimwa lini." Shemeji anayegombea udiwani humtaka asimame naye jukwaani, hata kwa dakika mbili, bila sare. Binamu anataka kijana wake aingizwe jeshini wakati wa kuandikisha, na haamini kwamba koplo hana uwezo huo. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 208, inataka jeshi lisiwe na upande katika siasa na liwe chini ya mamlaka ya raia. Askari anaweza kupiga kura yake kama raia yeyote, na anayo maoni yake kuhusu uhuru na viongozi wake. Si kweli kwamba sare huziba akili. Lakini jukwaani si mahali pake. Katika hili koplo amekuwa imara kuliko katika fedha. Alimwambia shemeji, "Mheshimiwa, nitakupigia kura au sitakupigia, na wewe hutajua," watu wakacheka, na msiba ukaendelea.

Jambo ambalo halikuchekesha ni lugha. Watoto wa kambini hukua katika Kiswahili. Baba ni Mteso, mama ni Mgisu, jirani ni Mlugbara, mwenye duka ni Mnyankole. Hakuna lugha nyingine itakayowakutanisha. Wapo Waganda wengi ambao kwa miaka mingi waliichukia lugha hii, kwa kuwa waliisikia vizuizini usiku kutoka kwa watu wenye bunduki. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria haifuti kumbukumbu kwa siku moja. Bibi wa Kumi hajali katiba. Yeye anachokiona ni wajukuu watatu ambao hawawezi kumwelewa akiwaambia walete maji, naye humlaumu mama yao. Mtoto mkubwa alipofikisha miaka 9 alipelekwa kukaa na bibi kwa likizo nzima ya Desemba. Alirudi akijua Kiteso cha kutosha kugombana na wadogo zake, na bibi amejifunza kusema "shikamoo" na "lala salama". Kati ya mambo yote ambayo ukoo uliyadai, hili lilikuwa la haki kuliko mengine, na halikugharimu ila nauli.

Kuhusu fedha, aliyeanza ni mke. Alinunua daftari la shule la kurasa 96, akaandika mapato ya chapati pamoja na kila shilingi iliyokwenda Mbale, akaliweka mezani mbele ya mumewe. Hakusema neno. Koplo alikaa siku tatu bila kuligusa. Siku ya nne aliandika ukurasa wake.

Pasaka iliyofuata walikwenda Kumi wote wawili, na koplo akaomba ukoo ukutane chini ya mwembe. Mke alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, daftari likiwa mapajani. Koplo alisimama na kufanya jambo ambalo katika miaka 14 hakuna aliyewahi kulifanya katika ukoo ule: alitaja mshahara wake. Aliutaja wote, akasoma makato, deni la mkopeshaji, unga, kuni, sare za watoto. Kisha akasema kwamba ukoo utapata dawa za mama za presha kila mwezi na karo ya mtoto mmoja wa marehemu kaka yake, na kwamba mengine yatajadiliwa yakitokea, na jibu litatoka kwa watu wawili.

Ndugu mwenye pikipiki aliondoka kabla ya chakula. Baba mkubwa alisema kijana ametawaliwa na mwanamke, na wazee wawili wakamwunga mkono. Mama mzazi ndiye aliyeshangaza watu. Alikaa kimya muda, akahesabu kwa vidole, akauliza, "Mwanangu, kumbe hela yenyewe ndiyo hiyo?" Miaka yote alikuwa akiamini kwamba mwanawe anapata mara tatu ya kiasi kile. Aliamini hivyo kwa sababu mwanawe alitoa kama mtu anayepata mara tatu. Ukoo haukuwa na tamaa kubwa kama mke alivyodhani. Ulikuwa ukigawa mshahara ambao haukuwapo.

Simu hazikukoma, wala hakuna aliyetazamia zikome. Ila sasa zina mahali pa kuandikwa.

Jambo moja limebaki. Koplo alipoandikishwa akiwa kijana, fomu ilimtaka amtaje ndugu wa karibu, naye akamtaja baba yake. Baba alikwisha kufariki, na jina lake bado limo faili. Kutajwa katika fomu si sawa na kurithi, nalo ni jambo ambalo wajane wengi wamelijua wakiwa wamechelewa. Kwa Sheria ya Urithi kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, mtu akifa bila wosia, watoto hupata asilimia 75 ya mali, mwenzi wa ndoa 20, wategemezi 4, na mrithi wa kimila 1. Nayo nyumba waliyokaa haigawiwi, bali huachwa kwa mwenzi na watoto. Lakini mwenzi ni lazima athibitike kuwa mwenzi. Karani wa kumbukumbu aliwaomba hati ya ndoa. Ndoa ya kimila huandikishwa gombolola, kwa sheria iliyopo tangu mwaka 1973, nao hawakuwahi kuiandikisha, kwa kuwa wazee wa Mbale walikataa kwenda kushuhudia hadi mahari ikamilike. Wanadai ng'ombe wawili.

Ng'ombe hao sasa wamo daftarini, mmoja katika ukurasa wa Agosti na mmoja katika ukurasa wa Desemba, kwa mwandiko wa mke.